Hekalu la Madurai Uwanjani Panda

Viatu vyake vilisikika kabla yake. Vilikuwa viatu vya kazi, vyeusi, vyenye chuma puani, vile ambavyo kampuni ya shaba iliwapa watu wake zamani, naye aliendelea kuvivaa miaka mingi baada ya kustaafu. Alivivaa sokoni, msibani, arusini, na kila Jumapili kwenye misa ya kwanza, akienda kupokea komunyo huku sakafu ya kanisa ikiita ko, ko, ko, mpaka padri akazoea kumsubiri kwa tabasamu. Sisi watoto wa barabara yetu ya Panda, hapa Likasi, tulimwita Papa Topo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima ardhi, na Kifaransa cha kazi hiyo ni kirefu mno kwa mdomo wa mtoto. Hapa nitamwita Mpimaji tu. Kama aliwahi kuwa kitu kingine kabla ya hapo, hakuniambia, nami sikuuliza.

Hatua yake moja ilikuwa sentimita sabini na tano. Ukisema “kama sabini na tano” alikurekebisha. Kila mwanzo wa mwaka aliipima upya, akitembea kando ya reli huku kamba yake ya kupimia imelazwa chini, maana alisema mtu anaweza kunenepa sikukuu za Noeli na hatua ikabadilika. Majirani wakigombania ukuta, walimwita yeye kabla ya kumwita chifu wa mtaa. Alikuja, akasimama kwenye kona, akavuta suruali juu kidogo, akatembea bila kusema na mtu, na alipofika mwisho alitamka hukumu.

“Metre kumi na nane na nusu. Ukuta ya mama huyu iko mu nafasi yake. Weye njo uliingiaka kwake.”

Maana yake, wewe ndiye uliyemwingilia, na hakukuwa na rufani. Alipewa chupa moja baridi, na akiletewa ya pili aliirudisha.

Alikuwa na swali moja ambalo alilitumia kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo: “Ulipima ao ulisikia?” Nilipokuwa na miaka kumi nilirudi kutoka safari ya shule kule Mwadingusha, nikatangaza barabarani kwamba lile bwawa la umeme mtoni Lufira ni kubwa kuliko yote ya Afrika. Yeye alikuwa anapita.

“Ulipima ao ulisikia?”

“Nilisikia, Papa.”

“Basi sema: nilisikia.”

Nilimchukia siku mbili nzima. Leo nauza dawa karibu na soko, na kila ninapopima dozi ya mtoto mchanga swali hilo linanijia masikioni, nami napima mara ya pili. Kwa hiyo nimeshamsamehe.

Msidhani alikuwa mtu wa mpangilio katika mambo yote. Saa yake ya mkononi ilisimama zamani na hakuona sababu ya kuitengeneza. Alichelewa kila mahali. Alijua umbali kutoka mlango wa kanisa hadi altare, lakini ukimuuliza mtoto wake wa mwisho yuko darasa la ngapi alimgeukia mkewe. Miwani yake aliitafuta nyumba nzima ikiwa juu ya paji la uso. Akipika bukari, yaani ugali wetu, inatoka uji au inatoka tofali, na alikula vyote kwa heshima ileile.

Mkewe alikuwa fundi wa kushona na alikuwa kinyume chake kabisa. Hakuwa na tepu ndani ya nyumba. Alikutazama mara moja, akakuzungusha kwa bega, akachukua mkasi.

“Minye sipime,” alisema. “Minye nakata na macho tu, na robe inaingia.”

Na kweli gauni liliingia. Hilo lilimuuma Mpimaji maisha yake yote. Nakumbuka siku moja alijificha nyuma ya pazia na kamba yake ili ahakikishe sketi ya mtu, akakuta pindo limenyooka kuliko mistari yake mwenyewe, akatoka akiwa amenuna, na mkewe akacheka kile kicheko chake kilichosikika mpaka kwenye reli.

Juu ya cherehani yake kulikuwa na kalenda. Duka la Mhindi mmoja alikonunua uzi lilikuwa likiwapa wateja kalenda kila mwanzo wa mwaka, na mwaka huo picha ilikuwa ya mnara wa hekalu la kusini mwa India: mnara mrefu, umejaa watu wa kuchonga, mamia kwa mamia, wa rangi zote, wamepandana kutoka mlangoni hadi juu. Mwaka ule uliisha, kalenda ikabaki. Ikapauka, ikaliwa na mende pembeni, ikabaki. Mteja akisubiri vazi lake, mke huyo, ambaye wote tulimwita mama, aliuonyesha mnara ule kwa mkasi.

“Ona hii bantu bote. Banaishi mu yulu vile. Nani anabapikia bukari?”

Alisema kabla ya kufa ataingia nyumba ile aone mapishi. Tulicheka, maana kutoka Panda hadi India ni maneno tu ya kusemea kwenye cherehani.

Kisha nyonga ya mama ikaharibika. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa famasia huko huko kusini mwa India, katika mji wa Madurai, na madaktari wa huku walipomwambia aende India, watoto wake waliniandikia nitafute hospitali. Nakiri kosa langu: niliichagua ile kwa sababu ilikuwa nzuri, lakini pia kwa sababu dirisha la ghorofa ya nne lilitazama minara ya hekalu. Mnara wa kalenda ulikuwa pale pale, mjini kwetu, nami nilikuwa nikiupita kila siku nikienda darasani bila kuuinulia macho.

Walifika na unga wa bukari ndani ya sanduku, wa kuwatosha kula miezi miwili. Viwanja vya ndege vyote vilikuwa vimemvua Mpimaji viatu vyake kwa sababu ya chuma, naye aliniambia kwamba hiyo haihesabiwi kuwa ni kuvua, kwa kuwa alibaki na soksi.

Upasuaji ulikwenda salama. Kidonda ndicho kilichokataa kupona. Mama alilazwa chali, haruhusiwi kukaa, haruhusiwi kusogea, na kutoka pale kitandani aliona ncha za minara minne juu ya mapaa. Akamwambia mumewe: wewe una miguu, nenda uingie, jioni urudi unieleze. Ndivyo Mpimaji wetu alivyoanza kuzuru mahekalu.

Siku tatu za kwanza hakuingia. Mlangoni pa hekalu kubwa la Madurai kila mtu huacha viatu, na simu, na huyu aliambiwa aache hata kamba yake ya kupimia. Simu aliitoa bila neno. Kamba aliitoa kwa uchungu. Viatu alikataa. Alisimama pale kando ya wauza maua ya jasmini, mkubwa, mweusi, mwenye kofia, watu wakimzunguka peku peku kwa furaha, naye akawatazama miguu yao. Kisha akageuka, akaenda kupima kuta kwa nje.

Mji wa kale wa Madurai umepangwa barabara ndani ya barabara, mraba ndani ya mraba, hekalu likiwa katikati, na minara mikubwa ya pande nne inafanana kwa mgeni. Siku ya pili alipotea. Mtu aliyepima nusu ya vilima vya Katanga alitembea kwa muda wa saa nne kuzunguka jengo moja, akiamini kila mnara ni ule alioanzia. Nilimkuta kwenye kibanda cha kahawa, jasho linamtiririka.

“Papa, ulipotea?”

“Sikupotea. Nilikuwa nafunga polygone.”

Maana yake, kwa wale wasio wa kazi hiyo, ni kwamba mpima ardhi hutembea akizunguka na ni lazima arudi kwenye kigingi alichoanzia, ndipo hesabu yake inakubalika. Alikuwa ameifunga mara tatu na nusu.

Jioni mama aliuliza swali lake kutoka kitandani: “Kuko nini mule?”

“Siyaingia.”

“Juu ya nini?”

“Banakataza viatu.”

“Minye ninalala hapa na chuma mu mufupa,” mama alisema, “na weye unashindwa kutoa soulier?”

Siku ya nne alivua. Nilikuwepo. Alikaa kwenye ngazi, akafungua kamba za viatu polepole, akatoa soksi, na kwa mara ya kwanza maishani nikaiona miguu ya jirani yangu: myeupe myeupe, laini, kama mihogo iliyomenywa. Alimpa mtunza viatu mzigo wake, akadai karatasi yenye sahihi, akapewa kibao chenye namba, akakiweka mfukoni pamoja na rozari. Kisha akakanyaga lile jiwe la uani lililopigwa na jua tangu asubuhi, akasema neno ambalo sitaliandika, akaanza kutembea kwa vidole vya miguu, haraka haraka, huku akihesabu kwa sauti.

Hivyo ndivyo alivyoliona hekalu lile, kwa kulihesabu. Watalii wengine walitazama juu. Yeye alitazama mbele na kuhesabu, na mwisho wa kila ushoroba alisimama, akaandika kwenye daftari lake dogo, ndipo akainua macho na kushangaa yote kwa pamoja. Aliandika ushoroba wa nguzo zenye simba wenye mikonga. Aliandika bwawa lenye ngazi pande zote, ambapo familia zilikaa zikila na kupumzika kama watu walio nyumbani kwao. Katika ukumbi unaoitwa wa nguzo elfu alihesabu zote, moja moja, akakuta hazifiki elfu. Alimfuata mwongozaji wa watalii, akanilazimisha kutafsiri: “Muulize, alipima ao alisikia?” Mwongozaji alicheka, akasema kila mtu anajua hazifiki. Mpimaji alimpenda mtu yule papo hapo, wakapeana mkono kwa muda mrefu.

Kuna mahali ndani kabisa ambapo wasio wa dini ile hawapiti. Mlangoni pameandikwa. Nilimwambia tunaweza kusimama hapo kando tukatazama kidogo, wengine hufanya hivyo. Alikataa hata kunyoosha shingo. Alisimamisha vidole vyake sawasawa na mstari wa jiwe.

“Muntu akisema hapa ni mupaka, ni mupaka,” alisema. “Kazi yangu yote ilikuwa ya mipaka.”

Kwa hiyo kwenye ramani aliyomchorea mkewe, kuta zilikuwapo, milango ilikuwapo, bwawa, nguzo, hata tembo anayefugwa hekaluni na mahali anaposimama. Katikati palikuwa peupe. Mama aliishika karatasi juu ya uso wake, akaweka kidole pale peupe.

“Na hapa, kuko nini?”

“Sikupima.”

“Haukuona hata kidogo?”

“Sikupima, mama.”

Mama aligeuza uso dirishani. Nilimwona Mpimaji akitaka kusema kitu, hata uongo mdogo wa kumfurahisha mgonjwa, na nikamwona akishindwa. Siku hiyo nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa kiasi kilekile.

Baada ya hapo hakukamatika. Kila mahali palipokuwa na jiwe la zamani alitaka kwenda, na mimi nilikosa vipindi vyangu kwa ajili yake. Kwenye kasri la wafalme wa kale, mjini humo humo, nguzo ni nene mno hata akaamua kuzikumbatia: yeye upande mmoja, mimi upande wa pili, na mwanafunzi mmoja tusiyemjua akaombwa kuziba pengo. Alifurahia kwamba watatu hatukutosha. Tulikwenda kwa treni mpaka Thanjavur, kwenye lile hekalu ambalo mnara wake ni wa mwamba mgumu mtupu, akalala chali uani saa nzima akiliwaza lile jiwe la kileleni lilipandishwaje bila mashine. Polisi alikuja kuuliza kama mzee ni mgonjwa. Na kwenye kilima kimoja cha mwamba nje ya Madurai, penye mapango ya watawa wa zamani sana, aliniita kwa kelele kana kwamba ameona nyoka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya safu ya vitundu vidogo vilivyochongwa kwenye jiwe, vimenyooka, vina nafasi sawa.

“Ona! Bale bantu balipasulaka jiwe bila dynamite. Banatoboa, banaingiza muti mukavu, banamwanga mayi. Muti inavimba, jiwe inapasuka.” Aligusa kila kitundu kwa kidole chake. “Hii ni kazi ya bantu ya mugodi. Hii ni benzetu.”

Machozi yalikuwa yakimtoka. Sijui kama yeye mwenyewe alijua.

Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote hakikuwa cha kale. Asubuhi wanawake wa Madurai hufagia mbele ya mlango, halafu huchora ua la mistari chini kwa unga mweupe, wakianza na nukta. Mpimaji aliamka alfajiri kuwatazama. Nukta kwanza, mstari baadaye: kwake hiyo ilikuwa vigingi kwanza, kamba baadaye, na wanawake wale walikuwa mabingwa wa kazi yake, hawana chombo chochote, wanapima kwa macho. Alimweleza mkewe jambo hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayekubali kushindwa kesi.

Viza iliisha kabla mama hajaruhusiwa kusimama. Alipelekwa uwanja wa ndege amelazwa kwenye gari, na alipopita mnara aliuona kupitia kioo, kwa chini, kwa muda wa taa nyekundu moja. Alimshika mumewe mkono wa shati.

“Ile kalenda ilinidanganya,” alisema. “Niliambiaka bantu nitaingia.”

“Utaingia,” Mpimaji alijibu.

Na yeye hakuwa mtu wa kusema kitu ambacho hajakipima.

Nilipomaliza masomo na kurudi Likasi, nilimkuta mama amekaa. Kidonda kilikuwa kimepona vizuri, chuma kimeshika, na hakuwa na sababu yoyote ya kukaa isipokuwa kwamba hakutaka kusimama. Madaktari walimwambia atembee kila siku, kidogo kidogo. Alikaa mlangoni mwake, kwenye kiti cha plastiki, magongo yameegemezwa ukutani nyuma yake. Mguu ulikuwa umeanza kukonda. Daktari wa hapa alisema wazi mbele yangu: asipotembea kabla mvua hazijaisha, nyonga itakaza, naye atakuwa mtu wa kiti maisha yake yote.

“Nitembee niende wapi?” aliuliza. “Ku soko? Naiyua soko.”

Mpimaji alimbembeleza, alimkemea, alimletea padri. Aliniomba nimletee dawa ya hamu ya kutembea, na nilipomwambia haipo alinitazama kama vile nimesoma bure. Cherehani ilifunikwa kitambaa. Kile kicheko hakikusikika tena barabarani, na kusema kweli mtaa wote uliingiwa na uzito, hata wale waliokuwa wakilalamika kwamba kinawaamsha.

Halafu vikaja vigingi.

Ilikuwa Jumatatu. Uwanja wa mpira ulio ng'ambo ya nyumba yao, asubuhi, ulikutwa umejaa vigingi vya mti, kila kimoja kimefungwa kitambaa chekundu, na mistari ya chokaa inatoka kimoja kwenda kingine. Mahali pengine watu wangeuliza hicho ni nini. Kwetu hakuna aliyeuliza. Katika nchi hii kigingi chenye kitambaa chekundu kina maana moja: kuna madini chini, kuna mtu ameshanunua, na wewe uliyejenga hapo juu anza kufunga vyombo. Kufikia saa nne mama mmoja alikuwa ameshang'oa mlango wake ili asiache mlango mzuri. Kufikia saa sita walikuwa wamefika wachimbaji wa mkono kutoka Kamatanda, vijana kumi na kitu, na machepe na magunia, wakaketi kwa adabu pembeni ya uwanja wakisubiri zamu. Jirani yetu wa kushoto, anayenunua mawe ya wachimbaji na kusali kwa sauti kubwa katika kanisa la uamsho, aligundua kwamba mstari mmoja unapita chini ya uzio wake, unavuka jiko lake, na kuishia chooni. Alisimama mlangoni pa choo kile mikono kiunoni.

“Hapa hakuna atachimba!” alipiga kelele. “Labda bapite yulu yangu!”

Mwenye vigingi hakuwapo. Alikuwa amekwenda kununua chokaa nyingine, na alichelewa, kama kawaida yake.

Mimi nilitoka dukani kwa ajili ya chakula cha mchana, nikasimama kwenye kona ya uwanja. Sikuelewa kwa macho. Nilianza kutembea kati ya mistari, na miguu ndiyo iliyokumbuka: mraba ndani ya mraba, mlango kila upande, ushoroba mrefu, na pale chini ya goli la kaskazini, bwawa. Katikati palikuwa patupu. Nilicheka peke yangu mpaka wachimbaji wakasogea mbali nami.

Ko, ko, ko. Alitokea na mfuko begani, na watu wakamzunguka.

“Papa Topo, balikulipa ngapi?” jirani aliuliza. “Kuko nini mu chini? Cuivre ao cobalt?”

“Hakuna kintu mu chini. Ni nyumba ya Mungu ya ku Inde. Nilimuahidi mama ataingia.”

Wote waligeuka kumtazama mama kwenye kiti chake mlangoni. Jirani alifungua mdomo aulize Mungu yupi, akaufunga, akaufungua tena.

“Sawa. Lakini juu ya nini anaishia mu choo yangu?”

“Juu ni vile nilipima.”

Hapo ndipo nilipoona tatizo. Nilikuwa nimetoka kutembea ushoroba ule, na bwawa lilichelewa sana kufika. Hekalu la Panda lilikuwa kubwa kuliko la Madurai.

“Papa,” nilimuuliza taratibu, “hapa ulipima na viatu?”

“Siku zote napima na viatu.”

“Na kule?”

Sikuhitaji kuendelea. Kule alikwenda peku, kwa vidole, juu ya jiwe la moto, hatua fupi fupi za mtu anayekimbilia kivuli. Hesabu zile zile alizileta huku akazitembea kwa hatua yake ya sentimita sabini na tano. Aliangalia viatu vyake. Aliketi juu ya mfuko wa chokaa, na uso wake ukawa uso wa mtoto aliyevunja sahani.

“Nilimudanganya mama,” alisema. “Minye. Nilimuchorea uongo.”

Kisha, mbele ya Panda nzima, mbele ya wachimbaji wa Kamatanda na jirani wa choo, aliinama akafungua kamba za viatu. Akavua. Akavua soksi. Mihogo ile miwili ikatua kwenye vumbi jekundu la Katanga. Watoto walianza kucheka, wakubwa wakafuata, na juu ya kelele zote nikasikia, kutoka ng'ambo ya barabara, kile kicheko ambacho hatukukisikia miezi mingi.

“Papa Topo iko na miguu!” mama alipiga kelele. “Bantu, kuyeni muone! Iko na miguu!”

Kitu kilichofuata nilikiona kwa macho yangu, kwa hiyo nasema niliona. Watu walikuwa wamemziba mama, haoni vizuri. Akanyoosha mkono nyuma, akachukua magongo, akasimama ili aone. Alipokuwa amesimama hakuona sababu ya kutofika barabarani. Alipofika barabarani watu walimpisha. Mpimaji alikuwa ameshaanza upya kutoka kigingi cha kwanza, peku, anahesabu, hakumtazama hata kidogo mpaka mama alipofika kwenye mstari wa mlango wa mashariki. Hapo aliinua mkono.

“Viatu, mama.”

Mama aliacha sandali zake kando ya viatu vya chuma vya mumewe. Siku hiyo aliishia mlangoni tu. Kesho yake alifika kwenye nguzo za simba. Vijana wa Kamatanda, kwa kuwa machepe yalikuwa yameshakuja, walibaki kuhamisha vigingi, na kufikia Alhamisi hekalu lilikuwa limetoka chooni kwa jirani. Naye jirani alizunguka uzio wake siku tatu akikemea roho za kigeni, ya nne nikamkuta anamuuliza mama tembo anakula nini.

Nimesimulia kana kwamba ni mambo ya mbali. Vigingi vyenyewe vilikwisha zamani, vimepikiwa maharagwe. Chokaa ndiyo Mpimaji anairudishia kila mvua ikiifuta, na wacheza mpira wamezoea, mpira ukiingia bwawani mchezo unasimama.

Mwezi uliopita, Jumapili alasiri, nilipita pale. Mama alikuwa ndani, anatembea kwa fimbo moja, mbele, na Mpimaji nyuma yake, amezeeka, peku, ana shida na magoti sasa yeye. Viatu vyao vilikuwa mlango wa mashariki, nami nikaacha vyangu hapo hapo. Walipita nguzo, walipita bwawa. Walipofika kwenye ule mraba mtupu wa katikati, Mpimaji alisimama kama anavyosimama siku zote, vidole sawa na mstari. Mama hakusimama. Aliuvuka.

“Mama,” alimwita, kwa hofu kidogo. “Kule tulikatazwa.”

“Weye njo ulikatazwa. Minye hakuna muntu alinikataza.”

Aliingia mpaka katikati. Kulikuwa na jiwe hapo, la ukubwa wa kigoda, akalikalia, akaweka fimbo magotini, akatazama pande zote bila haraka. Mpimaji alibaki nje ya mstari. Hakunyoosha shingo. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo:

“Kuko nini mule?”

Mama aliacha fimbo juu ya jiwe, akainuka kwa mikono yake mwenyewe.

“Ngoya,” alisema. “Nipime kwanza.”